Jogoo Mla Lozi

Mdogo wangu Nazakat alikata tiketi za treni maisha yake yote, akizungumza na watu kupitia tundu la kioo. Alipostaafu akanunua eka moja nje ya mji wa Chakwal, Pakistani, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, na tangu hapo akawa hatembei ila kifua mbele. Mimi ni dada yake mkubwa, mjane, naishi naye, kwa hiyo kituko chote nilikishuhudia kwa macho yangu.

Binti yake, Irum, alikuwa mjamzito. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mama, na mzazi hutunzwa huko mpaka arobaini iishe. Nazakat akawaita wakwe wa Irum waje kuiona eka, akasimama katikati ya magugu na kutangaza:

"Mwanangu atakula mayai ya uwanjani kwa baba yake! Supu ya kuku wa kienyeji kila siku! Yale makuku ya dukani, yaliyovimba kwa dawa, hayatapita mlangoni kwangu."

Wageni walipoondoka, mkewe Shamim akamwambia kwa upole, "Baba Irum, lete mitetea ya kawaida tu. Mitano sita, inayotaga."

"Ya kawaida? Mimi nifuge kuku wa kawaida?"

Akaenda kwa mzee mmoja mpiganisha majogoo, akarudi na wale kuku warefu wa mapigano: jogoo mmoja na mitetea mitatu. Jogoo alikuwa na shingo kipara na macho ya askari wa forodha. Akampa jina la Jenerali. Ukoo wake alishaukariri njiani: babu alishinda mapigano mjini Jhelum, baba hakuwahi kumkimbia mtu. Kuhusu mayai hakuuliza hata neno moja! Mtu yeyote aliyewahi kufuga angemwambia kwamba mitetea ya mapigano hutaga kwa maringo, yai leo, kisha kimya, kisha inaatamia na kukuparura ukiisogelea.

Banda likapigwa plasta na rangi ya kijani. Kuta za chumba cha Irum zilikuwa bado matofali matupu, lakini banda likapigwa rangi. Kila asubuhi mtumishi huyu mstaafu wa reli alikaa juu ya kigoda, Jenerali mapajani, akimkanda miguu na kumlisha tonge kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe hakuwahi kulishwa hivyo. Nilipita nikitema mate pembeni, na sikujificha.

Irum akajifungua mtoto wa kike. Alipoteza damu nyingi, akawa hawezi kwenda msalani bila kushika ukuta, na midomo yake ilikuwa myeupe. Shamim akawasha jiko ampikie panjiri, ule unga wa kukaangwa kwa samli na lozi ambao bila huo kwetu mzazi hainuki. Akafungua kopo la lozi alizokuwa akiziweka tangu binti yake apate mimba. Lilikuwa tupu.

"Baba Irum, lozi ziko wapi?"

Nazakat akakohoa. "Jenerali yuko kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya kupigana na nani?" nikamdaka mimi. "Uwanja mzima hakuna jogoo mwingine!"

"Dada, haya mambo huyajui."

"Basi chinja mtetea mmoja, tumpikie Irum supu," Shamim akasema.

"Yule mwenye madoa? Mama yake anajulikana mpaka Jhelum. Huwezi kumchinja tu, kama kuku."

"Ni kuku!" nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Irum alikuwa anasikia yote. Chumba chake na jiko vilitenganishwa na pazia. Jioni baba mtu akarudi kutoka mjini na kitu chini ya shali. Alikuwa ni kuku wa dukani, ameshanyonyolewa, mweupe na mlegevu, tena akataka tuseme ametoka bandani. Nilimtazama mpaka akageuza uso. Irum alikunywa vijiko viwili, akasukuma bakuli.

Mama mkwe wake, Bi Mussarat, akaja na bajaji kumwona mjukuu. Mikononi alikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Mjinga wetu hakumpeleka kwa mzazi. Alimpeleka bandani! Yule mama akasimama juani na sufuria ya moto, akihadithiwa babu wa jogoo, na kwa adabu yake akawa anaitikia, "Mashallah, kaka, mashallah."

Alipoachiwa, akaingia kwa Irum, akamwinua na kumnywesha supu ya kuku mwenyewe. Irum alimaliza bakuli la kwanza, akaomba la pili, akatafuna paja mpaka mfupa. Shamim aligeukia ukutani ili tusimwone analia.

Nazakat alichungulia mlangoni. "Supu inanukia vizuri, dada. Huyo kuku alikuwa wa ukoo gani?"

"Mimi sijui koo za kuku, kaka," alijibu Bi Mussarat. "Nilikuwa naye huyo mmoja tu. Alikuwa anataga kila siku."

Irum akaweka bakuli chini. Akamwangalia mama mkwe wake, siyo baba yake.

"Mama, nitaondoka na wewe leo."

Arobaini ilikuwa haijafika hata nusu. Kwetu binti akiondoka kwao kabla ya hapo, mtaa mzima unajua kuna jambo, na Nazakat alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua kitu kingine chochote. Akaingia chumbani, rangi imemtoka.

"Irum, mwanangu, nimewatangazia watu! Watasema nini?"

Irum alikuwa anamfunga mtoto shali, taratibu.

"Watasema nilishinda njaa kwa baba yangu," alisema. "Usiwabishie."

Shamim akachukua begi, mimi nikambeba mtoto, tukatoka na Irum mpaka kwenye bajaji.