Samaki Waliokataa Kukua

"Binti, samaki hawa hawafi na hawakui. Kwa nini?"

Swali hilo niliulizwa siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kando ya bwawa la Mzee Onsongo kule Ogembo. Kiganjani alikuwa na ngege watatu waliokaa majini mwaka mzima, kila mmoja sawa na kidole gumba changu. Mkubwa wangu, Ofisa wa Samaki wa Wilaya, aliegemea Landrova akacheka. "Haya, mjibu, msomi wa bahari."

Nilitoka shule ya Sironga nikaenda chuo kikuu kusomea ikolojia ya bahari, yaani elimu ya nani anamla nani majini na nani anabanana na nani. Nilijua kuhesabu kaa miambani maji yakipwa. Bwawa la milimani, lililochimbwa katikati ya migomba, sikuwahi kulitia mguu.

"Nilikata migomba yangu kwa sababu ninyi wa serikali mliniambia," Mzee alisema. "Sasa majirani wananiita mfugaji wa viluwiluwi. Mvua ndefu zikifika kabla sijapata samaki wa kuliwa, nalifukia bwawa hili."

Tukirudi Kisii, Ofisa hakuwa anacheka tena. "Akifukia yeye, bonde zima litafukia. Na wewe nitakutuma makao makuu ukapange mafaili."

"Umewashauri nini mpaka sasa?"

"Waongeze pumba. Kitabu kinasema hivyo."

"Aliyekiandika alipima bwawa gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeumwa na siafu.

Kesho yake nilirudi na vyombo vyangu. Nilizamisha sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Maji yenye planktoni, vile viumbe vidogo anavyokula ngege, huwa ya kijani na huificha sahani upesi. Mimi niliiona hadi karibu na tope: chakula kilikuwa kimeliwa chote. Nikavuta wavu. Ulijaa vifaranga, na hata samaki wa ukubwa wa kidole walikuwa na mayai! Nilipiga kelele peke yangu, tope magotini. Ilikuwa ile ile miamba ya pwani: sahani moja, midomo elfu. Hawakukataa kukua, walikuwa wakizaana mno.

"Dawa ni mwindaji," nilimwambia Mzee. "Tutie kambale."

Alirudi nyuma. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. "Kambale hana magamba. Ni najisi."

"Hutamla, Mzee. Yeye ndiye atakayewala wale wadogo."

"Halafu mimi nile aliyeogelea naye chungu kimoja? Kasome Walawi, wewe msomi!"

Mkewe, Mama Kerubo, mzaliwa wa Wakatoliki wa Suneka, alikuwa akichambua mboga za chinsaga pembeni. "Huyo kambale," aliuliza polepole, "anakula wadogo tu?"

"Wanaomwingia mdomoni."

"Mama Kerubo, chambua mboga," alisema Mzee.

Ikabaki njia ya pili: kukausha bwawa, kubagua madume kwa mkono na kuwarudisha hao peke yao. Unamlaza samaki chali, unampaka wino kidogo chini ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Mzee aligeuza uso. "Ee, omoiseke! Msichana wa watu, hata samaki hawana siri mbele yako?" Tulicheka mpaka samaki wakatuponyoka. Majike walienda kikaangoni.

Miezi ikapita. Mvua zilipokaribia, Mama Kerubo aliniuliza mara tatu ni siku gani hasa tutakausha. Nilidhani ana wasiwasi kama mimi. Siku ilipofika majirani walijaa ukingoni, na maji yalipopungua tuliona migongo mipana ikipiga tope. Ngege wa kujaza sahani! Kifaranga hata mmoja hakuwepo. Mzee alimnyanyua mmoja akawauliza majirani, "Kiluwiluwi ndicho hiki?" Ofisa alinishika mkono. "Bibi Samaki," alisema, na jina likabaki.

Baadaye nilifanya kazi Kisumu chini ya Ofisa wa Mkoa, kisha Mombasa chini ya Naibu Mkurugenzi, na kote nilifundisha kubagua madume. Vijana walilalamika kwamba majike wachache huwaponyoka kila mara, na vifaranga hurudi. Niliwaambia macho yao ni mavivu. Mimi niliyehoji kila kitabu sikuwahi kuhoji mikono yangu: ilikuwaje wasichana wa chuo wakosee, wavulana wakosee, nami katika mamia ya samaki nisikosee hata mara moja?

Nilikuwa nimestaafu nilipoenda kumzika Mzee Onsongo. Mama Kerubo alinivuta nyuma ya jiko.

"Kambale wawili," alininong'oneza. "Niliwanunua Suneka wakiwa hai, nikawatia bwawani ulipoondoka siku ile ya kubagua. Siku moja kabla hujakausha nikawavua kwa ndoana, nikampelekea mama yangu. Na mwaka uliofuata, nikanunua wengine."