Mpima Ngano na Ukuta Wake

Mpima ngano wa ghala la kando ya reli bado hufungua saa moja kamili asubuhi, ingawa treni haisimami tena na wakulima hupeleka ngano mji wa mbali kwa malori. Huifuta mizani ya mbegu kwa kiwiko, akaipuliza, hata siku asiyokuja mtu. Leo kaja Arlys na kichanga chake, Maren, maana watoto wote wa hapa hupimiwa ghalani. Mwezi uliopita Maren hakuongezeka uzito hata kidogo, na tangu hapo chakula hakimshuki mama mtu.

“Leta gunia langu dogo,” mzee alisema, akimpokea mtoto na kumlaza juu ya kofia aliyoitandika kwenye chuma baridi cha mizani. Alisogeza jiwe la mizani taratibu, pumzi kaibana. “Kaongezeka! Ratili kumi na moja! Na uzito wa kofia nimeshautoa.”

“Mzee, usinitanie!”

“Baba yako nilimtania kwenye ngano. Kwa mtoto, sithubutu.”

Arlys alicheka huku akifuta macho. Mzee alichomoa penseli sikioni, akaandika ratili hizo ukutani, pale majina ya watoto yalipokuwa yakibanana zamani, kumi na tano kwa mwaka, la Arlys likiwemo. Chini ya jina la Maren palibaki peupe.

“Nafasi tele,” alisema. “Niletee na mdogo wake.”