Jina Lililokwama Kwenye Simu

Mtoto wangu alikaa bila jina la nyumbani hadi akaota meno, na msinilaumu mimi. Kwetu bibi wa mtoto ndiye huchagua, kati ya majina ya waliotangulia, na jina la mtu aliye hai haliguswi kamwe. Mama alinipigia kutoka nyumbani: "Tulia, bado nafikiria. Nitakutumia meseji." Nikamwambia aharakishe, mtoto si mzigo wa kungoja lori. Alicheka sana.

Meseji iliingia Jumatatu. Niliisikia ikilia, lakini simu ilikuwa imeniponyoka asubuhi hiyo sokoni Kangemi na kioo kimebaki cheusi tititi. Nikasema si neno, Jumamosi mama anakuja. Alhamisi akafariki usingizini.

Baada ya mazishi nilitaka tuchague lolote, yaishe. Mama mdogo, dada yake marehemu, akaniwakia: "Jina lilishatumwa! Ukimpa mtoto lingine, atalikataa." Haya, sasa nifanyeje?

Simu ilizunguka kwa mafundi kule tao, katikati ya mji, hadi mmoja akafaulu kutoa kilichokuwa ndani. "Madam, meseji ndiyo hiyo," akasema, "lakini imetoka hivi. Mimi sielewi." Ulikuwa mstari mmoja tu: 4d746f746f, na kuendelea. Wueh! Nilicheka peke yangu pale kwenye kaunta. Hizo ni herufi, kila moja imefichwa ndani ya alama mbili, kwa ile hesabu ya kumi na sita ambayo ikipita tisa inaendelea na a hadi f. Na mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta kwa JavaScript.

Nilirudi ofisini Hurlingham, wenzangu wakiwa wameenda kula, nikaandika msimbo mfupi: kata mbili mbili, parseInt isome namba, fromCharCode itoe herufi. Nikabonyeza. Vikatoka vijiboksi vitupu na J zimetawanyika ovyo. Aki nilikasirika hadi nikasukuma kiti. Kumbe sikuiambia parseInt kwamba hesabu ni ya kumi na sita, nayo ikahesabu kwa kumi, kama sisi wote tukiwa sokoni.

Nikaongeza 16. Nikabonyeza tena.

M. Halafu t, halafu o, kila herufi kwenye mstari wake, zikishuka. Mama alikuwa humo muda wote huo, ndani ya simu iliyokufa, ndani ya mkoba wangu, na maneno yake hayakupungua hata nukta. Nilisoma kutoka juu hadi chini, kisha nikasoma tena kwa sauti.

Mtoto aitwe mimi.

Nilimpigia mama mdogo. Nikamsomea mstari ule.

"Aliandika siku gani?"

"Jumatatu."

"Lakini Jumatatu alikuwa hai, tena mzima," akasema. "Tulipalilia mahindi pamoja."