Shavu la Baba kwenye Gogo

Baba alipima miti ya mitumbwi kwa sikio. Gogo likishalala chini, urefu wa hatua ishirini, mimi nilishika jiwe upande wa shina, yeye akalaza shavu upande wa ncha. Nikigonga mara moja, sauti humfikia mara mbili: ya kwanza hupita ndani ya mti, mbio, ya pili hupita hewani, nyuma kidogo. Mti ukioza moyo, ile ya ndani hujikokota kama mimi niendapo chuoni kusoma Kurani, hata zikafika pamoja. Kwa neno lake tu watu wa Nyangwe walinunua, wakapandisha watoto wao wakavuka mto Lualaba.

Mwalimu wangu husema shetani alinifundisha kabla yake. Siku moja wanunuzi wawili walikuja, na wenzangu wa chuo wakaja kutazama. Nikainua jiwe, nikalishusha kwa nguvu, nikalizuia kabla halijagusa mti. Nilitaka baba aseme, "We mupumbavu, gonga," tucheke, basi.

Baba, macho kwenye mkono wangu, akaitikia kwa kichwa. "Imefika mbio. Huu muti iko muzima."

Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nilianza, nikaacha. Mnunuzi mmoja akasema nyuma yake, "Mzee, mutoto hakugonga." Baba hakugeuka. Mnunuzi akarudia, "Mzee." Baba akaendelea kupapasa ganda.

Tangu alipopona ndui hakuwa amecheka mizaha yangu hata mmoja. Nilidhani imechuja, nikawa natafuta mipya.

Aliposoma nyuso zetu alisimama, akapangusa vumbi la mti shavuni, akaenda nyumbani. Wanunuzi waliondoka bila kuuliza bei. Chuoni sasa wananiinulia mawe na kuyashusha kimya. Ule mchezo niliwafundisha mwenyewe.

Gogo bado liko palepale. Juzi nilimkuta baba upande wa shina, jiwe mkononi, akanionyesha kwa kidevu upande wa ncha. Nikalaza shavu. Akagonga. Sauti ikanifikia mbio, safi, na nyingine nyuma yake.

Ulikuwa mzima kweli.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, ili aone. Aliniangalia kitambo, kama mtu anayepima, kisha akashusha macho kwenye jiwe lake. Hakuniamini. Akagonga tena.