Nilivyoliziba bomba la maabara Mbarara kwa mazoea ya karakana, karibu nipoteze kazi niliyoiota

Wakuu, habari za leo. Nawaandikia kutoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, nimekaa nje ya karakana yangu pale Base Camp, upepo wa ziwani unanipiga usoni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kiswahili changu ni cha Uvira, kwa hiyo mkikutana na "ao" badala ya "au", na "mingi" fasi ya "mengi", mnivumilie tu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Vitanda, mageti, madirisha. Halafu Mbarara ni mji wa maziwa, na matanki ya maziwa ni ya stainless, hayataki welding ya kawaida. Yanataka gesi ya argon. Hiyo kazi niliijua tangu kwetu, kwa hiyo mara mojamoja wananiita mjini.

Sasa niwaambie siri. Mimi huwa naupenda ule mwanga.

Wengine wanachomelea wakifikiria chakula cha mchana. Mimi nikiwa nyuma ya kioo cheusi nazama kabisa. Dunia yote inakuwa giza, kinabaki kimwanga kimoja kinatetemeka mbele yako, unasahau hata uko nchi gani. Siku moja nilizama hivyo mpaka nikatoboa geti la mteja. Mke wangu, Mama Neema, akaniuliza, "Papa Neema, kazi unaifanya ao unaiota?"



Basi siku moja nilikuwa Mbarara, nafunga tanki kwenye cooler, kituo cha kupoza maziwa, cha mzee mmoja. Akaja binti yake, Dada Patience, mtafiti wa fizikia kwenye chuo kimoja palepale mjini. Akainama, akapitisha kidole juu ya mshono wangu.

"Fundi, hii umefunga wewe? Haivuji?"

"Haivuji hata hewa, dada."

"Hata hewa? Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwao. "Kesho unakuja chuo."

Nikaenda. Wakuu, kwenye ile maabara kuna chombo cha chuma kinene, ukubwa wa pipa la mafuta, kina dirisha dogo la kioo ubavuni. Pampu inanyonya hewa yote, ndani hamna kitu. Halafu wanapitisha umeme mkubwa humo na gesi kidogo ya argon, gesi inapata moto mpaka yenyewe inabeba umeme na kuwaka. Wanaita plasma. Yaani ni ule mwanga wangu! Kuna watu wamekaa na madaftari wanausoma. Nilipewa kiti nikasahau kukikalia.

Prof wao, mzee mpole asiye na maneno mingi, akaniambia ukweli. Majaribio wiki mbili. Mashine ikiwaka kwa kazi ya mikono yangu, nachukuliwa fundi wa maabara kwa mkataba. Isipowaka, asante na kwaheri. Mimi diploma sina, vita ilinikata katikati ya shule ya ufundi. Mlango kama ule hautanifungukia mara ya pili, nilijua.

Nikapanga chumba Kamukuzi chini ya kilima. Asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, natembea kwenda kazini najiona niko ndotoni.

Dada Patience akanipa bomba jembamba kama kalamu, limeviringishwa kwenye karatasi. Lilikuwa moja tu, limeagizwa nje, wamelingoja miezi mingi.

"Ni tantalum," akasema. "Inatoka kwenye coltan."



Coltan naijua. Kwa ajili yake milima ya kwetu ilichimbwa, na sisi tukakimbia na magodoro kichwani. Nikaliweka kwenye kiganja. Ni zito kuliko unavyodhani. Nikaona udongo wa nyumbani umezunguka dunia nzima umekuja kunipata Mbarara. Hasira sikuwa nayo, nilitaka tu kulia.

Nikajiapia kwamba hili bomba nitalifanyia kazi safi kuliko zote maishani mwangu. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mchoro ulisema nilifunge bomba kwenye kishikio chake, nikiweke ndani ya chombo. Dada alikuwa darasani anafundisha. Nikafanya vizuri kabisa. Kumaliza, nikaona ncha ya mbele ya bomba iko wazi.

Sasa kwa wasioijua Nakivale: hapa hakuna fundi anayeacha bomba wazi. Ukiacha mguu wa kitanda wazi, manyigu wanajenga humo. Kwenye geti, maji ya mvua yanaingia, linaoza kwa ndani, na jina lako linaoza nalo. Kwenye matanki ndiyo usiseme, maziwa yakikwama kwenye tundu yanachacha, tanki linarudishwa. Miaka yote hiyo mkono wangu umefunga matundu. Haukuniomba ruhusa.

Nikaiyeyusha ile ncha kidogo, ikajifunga yenyewe. Nikaisugua ikang'aa. Nikalipachika bomba, nikafunika chombo, nikarudi zangu Kamukuzi napiga mluzi.

Kesho yake dada akafungua gesi. Mshale wa kipimo cha gesi haukusogea. Akawasha umeme, zikaruka cheche mbili tatu nje ya bomba, zikafa. Kutoka dirishani unaliona bomba kwa ubavu tu, ncha huioni.

"Regulator imekufa," akasema.

Siku tatu tulihangaika. Tulibadilisha mipira ya gesi, tukafungua regulator, akampigia muuza gesi wakagombana kwenye simu. Na mimi nipo hapo pembeni namwambia pole dada, pole sana. Mjinga wa mwisho!

Jumamosi nikarudi nyumbani. Jirani yetu Mama Irakoze, Mrundi, alikuwa na kitanda cha kumalizia.

"Papa Neema, usisahau matundu ya miguu. Kitanda cha kwanza manyigu waliingia, mtoto akavimba jicho."

"Sisahau, mama."

Nikavaa mask, nikaanza kufunga mguu wa kwanza. Mkono ukasimama wenyewe. Gesi ilitakiwa kupita ndani ya lile bomba, itokee mbele. Na mbele nimefunga mimi.

Nikavua mask.

"Umeona nini?" Mama Irakoze akauliza.

"Nimejiona mwenyewe, mama."

Jumapili kanisani pasta anahubiri, mimi mawazo yako Mbarara. Nilikuwa na njia rahisi: niwahi Jumatatu, niikate ncha kimyakimya, niseme regulator imepona. Nani angejua? Lakini bomba lingekuwa fupi, na dada ameandika urefu wake kwenye daftari. Kila hesabu atakayopiga ingekuwa uongo, na yeye hajui. Miaka yake yote ya kusoma juu ya uongo wangu. Nilishindwa.

Jumatatu nikamwambia. "Dada, regulator haina shida. Ni mimi. Niliziba ncha ya bomba."

"Uliziba? Kwa nini, fundi?"

"Manyigu."

"Manyigu?"

"Ndiyo. Na maji ya mvua."

Akaangalia kile chombo ambacho hata hewa hamna. "Banange! Manyigu ndani ya vacuum!" Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka machozi, maana bomba lenyewe lilikuwa hilo moja.

Alipotulia akanieleza, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia. Inaitwa hollow cathode. Umeme haukai kwenye ncha kama kwenye welding yangu. Unaingia ndani ya bomba pamoja na gesi, unakaa humo, na ule uwazi ndio kazi yenyewe.

Nikaikata ncha kwa diski nyembamba. Tukapima upya, akaandika urefu mpya.

Ijumaa Prof akaja. Dada akafungua gesi, mshale ukapanda. Akawasha.

Wakuu, maneno yananiishia. Mwanga uliingia ndani ya bomba ukatulia. Bomba likaanza kuiva kutoka ndani, jekundu, halafu rangi ya machungwa, halafu karibu jeupe, na mbele yake ukatoka moshi wa mwanga wa zambarau, laini, hautikisiki. Na kimya! Mimi nimezoea mwanga unaokaanga masikio. Huu ulikuwa kimya kama mtoto amelala. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Prof akachungulia muda mrefu. "Mbona bomba ni fupi?"

Dada akawahi, "Tulibadilisha design kidogo, Prof."

Alikuwa ananificha. Ningenyamaza, kazi ni yangu.

"Hapana, Prof," nikasema. "Niliziba mimi, nikakata mimi." Nikamweleza yote, mpaka habari ya manyigu.

Hakucheka. "Tangu uanze hapa, umetuuliza maswali mangapi?"

"Hakuna, Prof."

"Kwa nini?"

"Huko ninakoishi mtu anapewa karatasi, anaweka sahihi. Nimezoea kutouliza."

Akatazama tena kwenye kioo. "Jumatatu saa mbili, njoo usaini mkataba. Na huo utausoma kwanza, utauliza. Hata sasa uliza kitu."

Miaka mingi ya maswali ilitaka kutoka kwa mara moja, likapita moja tu.

"Prof, kwa nini mwanga huu hauna kelele?"

Akavuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake. "Kaa, fundi," akasema. Safari hii nilikaa.

Somo nililopata, wakuu: ufundi bila kuuliza unaweza kuharibu kitu kwa mikono safi kabisa. Na wewe unayesoma, kuna swali gani umelimeza kazini kwako miaka yote? Litoe hapa chini, usione haya, nitasoma moja baada ya jingine.