Hodhi la Darini

Siku ile darini tulikuwa watu watano. Alikuwepo mwenye nyumba, bwana wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliyesimamia kazi za reli. Alikuwepo mpishi wake, mtu wa Bagamoyo, ambaye ndiye aliyemfasiria pale Kiswahili chake kilipokwama. Alikuwepo fundi mwashi aliyekabidhiwa kazi, na seremala wa Kihindi aliyetengeneza dirisha. Wa tano nilikuwa mimi, msaidizi wa fundi. Bwana alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kwenye paji la uso, na damu ilikuwa imeshapenya. Alitaka kujua ni nani aliyepanga kile chumba cha kuogea.

Aliyekipanga nilikuwa mimi.

Wazazi wetu walikufa katika msimu mmoja wa njaa, baba akitangulia na mama akifuata baada ya majuma machache. Nilikuwa nimesoma miaka miwili katika shule ya misheni. Niliacha, nikabaki na wadogo zangu wawili, dada na mdogo wa kiume, katika nyumba yetu ya tembe upande wa Ipagala. Ndugu za baba walikuja wakakaa kikao. Waliamua kwamba binti aende Hombolo kwa shangazi, na yule wa kiume apelekwe mbali kuchunga ng'ombe wa watu. Niliwaomba waniachie wote wawili. Walikubali, lakini kwa sharti kwamba siku nitakayoshindwa kuwalisha watakuja kuwachukua bila kuniuliza tena.

Fundi hakuwa wa kwetu. Alitoka pwani, akifuata reli kituo kwa kituo, akijenga mahali palipohitaji chokaa na matofali. Mwanzo alinipa kazi ya kuchanganya chokaa. Alipoona naweza kusoma tarakimu za fimbo ya kupimia, alinipandisha nikawa nashika fimbo na kamba. Aliniita msomi. Nusu ilikuwa utani, nusu alimaanisha kweli.

Nyumba ya bwana ilijengwa kama za kwao, paa lake kali limesimama pande mbili kama viganja vilivyokutanishwa vidole. Chini mlijaa ofisi na wageni. Mkewe alikuwa njiani kuja, basi bwana akaagiza chumba cha kuogea kijengwe juu, darini, chini kabisa ya mabati. Alitaja vitu vinne na kuondoka kwenda kukagua njia ya reli kwa siku kumi: hodhi la bati la kuogea, meza ya beseni yenye kioo, jiko la kupashia maji moto, na kiti cha choo chenye ndoo. Hakusema nini kikae wapi.

Siku ya pili fundi alishikwa na homa, akalala. Aliniambia nianze kusafisha sakafu tu. Lakini siku zilikuwa zinakwisha, nami niliogopa bwana akirudi akute pako vilevile kazi itapewa wengine. Nikaamua kupanga mwenyewe.

Nilisimama katikati, chini ya mgongo wa paa, nikatembea pole pole kuelekea upande mmoja mpaka nywele zangu zikagusa boriti. Hapo nikapiga mstari wa mkaa sakafuni. Nikafanya hivyo upande wa pili. Kati ya mistari miwili mtu angeweza kusimama, nje yake ilimbidi ainame. Hili halikunipa shida. Nimekulia katika tembe, ambamo kila mtu anajua kwamba pembeni pa chini ni pa kuketi, na katikati ni pa kusimama.

Basi nikajiuliza ni kazi gani inayofanywa kwa kusimama. Kuoga. Mtu husimama, akachota maji kwa kata, akajimwagia kuanzia kichwani. Nikaliweka hodhi katikati kabisa, juu ya jukwaa la matofali, ili maji machafu yashuke vizuri kwa bomba la kwenda nje. Na kunawa uso je? Kwetu mtu huchuchumaa mbele ya maji. Nikaipeleka meza ya beseni pembeni, nikaikata miguu ikawa fupi, na kioo nikakipachika pale paa linaposhuka. Jiko na kiti cha choo nikaviweka upande wa pili. Nilipomaliza kupiga chokaa nilikitazama chumba kile kwa furaha kubwa.

Mpishi alipanda kuleta maji, akasimama mlangoni. "Msomi," akasema, "umemjengea bwana mimbari. Ijumaa tuje tusikilize hotuba?"

Nilidhani ananionea wivu.

Fundi alipopata nafuu alipanda ngazi akishika ukuta. Alitazama hodhi, akatazama meza na kioo. Kisha akaniuliza kama nilimwuliza mpishi jinsi bwana anavyooga. Nikasema sikumwuliza, kwani kuoga ni kuoga. Hakunigombeza. Alisema tutabomoa kesho asubuhi. Lakini bwana alirudi jioni ileile, na kesho yake alfajiri alikwenda kunyoa ndevu mbele ya kile kioo. Aliinama sana, akanyanyuka ghafla, kichwa kikagonga boriti na wembe ukampita juu ya jicho.

Ndipo akatuita. Aliuliza mara moja, kwa Kiswahili chake cha amri. Mpishi alitazama chini. Seremala alishika dirisha lake kama linaanguka. Nilijua adhabu yake: viboko ishirini na vitano, tulivyoviita hamsa ishirini, na baada ya hapo mwezi mzima kwenye mnyororo. Nilijua pia kwamba ndugu za baba wangesikia kabla jua halijazama.

"Mimi, bwana," akasema fundi.

Nikageuka kumtazama. Aliukanyaga mguu wangu kwa kisigino, akaendelea kutazama mbele.

Walimchapa siku hiyohiyo. Mnyororo hakufungwa, kwa kuwa mke wa bwana alikuwa karibu kufika na chumba kilitakiwa kirekebishwe. Usiku ule nilimwosha mgongo kwa maji ya chumvi. Nilianza kusema jambo, akaniambia nikaze mkono, maji hayafiki.

Asubuhi tulipanda pamoja. Tulilibomoa jukwaa, tukalishusha hodhi sakafuni, tukalisukuma chini ya mteremko. Fundi alieleza kwamba Wadachi huoga wamelala ndani ya maji. Ilibidi mmoja wetu alale humo ili tujue nafasi, naye hakuweza kulaza mgongo.

"Kwetu anayeogeshwa amelala ni maiti," akasema. "Haya, maiti, ingia nikupime."

Nikaingia, nikalala, nikiyatazama mabati. Akaniambia niketi kama mtu anayetaka kutoka. Kichwa kikagonga boriti. Akasogeza hodhi shibiri mbili, akaniambia nirudie, na tena, mpaka nikaweza kuketi na kusimama bila kugonga boriti. Meza ya beseni tuliirefusha miguu, tukaiweka katikati kando ya dirisha, na kioo kikatundikwa kimo cha bwana. Mkewe alifika, wakakitumia chumba, na hakuna aliyetuita tena.

Wadogo zangu hawakuchukuliwa. Waliendelea kukaa nami hadi dada alipoolewa, na mdogo akajifunza uashi kwangu.

Fundi aliondoka na reli kuelekea Tabora. Kabla hajaenda nilimletea mbuzi, akamkataa, akasema niwalishe wadogo zangu. Baadaye nilimpelekea salamu na asali kwa wasafiri, na salamu zake zikanirudia. Hayo yote hayakuwa malipo, na sote wawili tulilijua hilo. Nilichodaiwa ni kwenda mbele ya yule bwana na kusema kwamba kosa lilikuwa langu. Nilipita mlangoni kwake kila siku kwa zaidi ya mwaka, nikimwamkia, naye akiniitikia. Kisha vita vikaja, bwana akaondoka, na fundi sikumwona tena. Sijasema mpaka leo.