Kilo za Maji

Nilikuwa mchomaji nyama kwenye hoteli moja pale Kamakis, karibu na Ruiru, na mwili wangu ulikuwa sehemu ya kazi. Nikitoka jikoni na ubao wa mbavu begani, koti jeupe limenibana kifuani, wateja walianza kutabasamu kabla sijafika mezani. "Huyu anaijua nyama," walisema. Mwenye hoteli, mama wa maneno machache, alipenda nisimame mbele, upande wa barabara, wapita njia wanione.

Kisha figo zangu zikafa. Wakati ule wa kusafishwa damu kwa mashine siuelezi sana, maana nilikuwa kama gunia linalobebwa huku na kule. Dada yangu mdogo, anayefanya kazi katika kiwanda cha nguo Thika, alijitolea kupimwa. Wakamkuta anafaa, akanipa figo yake moja. Alipozinduka wodini, nesi aliniletea ujumbe wake: "Amesema ule."

Figo ilinikubali vizuri. Kilichokataa ni mwili kurudi. Miezi ilipita na bado suruali zangu zilishikwa na mshipi uliotobolewa matundu mapya. Shingo ilichungulia kwenye kola kama ya kuku aliyenyonyolewa. Siku moja sokoni Githurai 45, mteja wangu wa zamani alinishika mkono, akanivuta kando ya meza ya nyanya.

"Ndugu yangu," akaninong'oneza, "siku hizi kuna dawa. Usijifiche."

Nilijua alichodhani ninaugua. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja, lakini niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali, nikasema asante, nikaondoka bila kununua kitunguu nilichotumwa. Njia nzima nilijiona mnyonge mara mbili: kwa alichonidhania, na kwa kuona haya, kana kwamba wanaougua Ukimwi si watu.

Niliporudi kazini, mwenye hoteli aliniangalia kwa muda, akashusha macho.

"Utakuwa unakata kachumbari huko nyuma," akasema. "Si kwa ubaya. Watu hula kwa macho."

"Sawa, mama," nikajibu. Sikumlaumu. Mchomaji aliyekonda ni tangazo baya.

Lakini aliyenipa haya kuliko wote alikuwa dada yangu. Yeye alikuwa amepona, mashavu yamejaa, amerudi kwenye cherehani yake. Kwenye ploti anayoishi, majirani walisema figo ya msichana wa watu imepotea bure. Aliniambia hayo akicheka, ili tucheke wote. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo akipiga simu nilimwachia mke wangu aongee naye, na Jumapili nikatafuta sababu ya kutokwenda Thika. Sikutaka aone zawadi yake imekaa ndani ya mtu wa namna gani.

Basi nikaamua kunenepa, na kunenepa haraka. Hospitalini, mtaalamu wa lishe alikuwa ameshanifundisha: kula kidogo kidogo mara nyingi, chumvi kidogo sana, kila kitu kiive. Niliona hicho ni chakula cha wagonjwa, si cha mtu aliyelelewa na nyama. Huko nyuma ya jiko kulikuwa na sufuria ya supu ya mifupa isiyokauka. Kila asubuhi nilijaza kikombe, nikatia chumvi mpaka midomo ikawasha, nikateremshia ugali wa mafuta na soda baridi.

Na kweli, uso ukaanza kujaa. Viatu vikabana. Mzani wa duka la dawa Ruiru ukapanda, nikatoka pale nikitembea kama nimepewa cheo. Jumapili iliyofuata nikaenda Thika bila kuitwa.

Dada alifungua mlango akapiga kelele. "Haiya! Kaka yangu amerudi!" Akawaita majirani, akanigeuza mbele yao, huku na huku, kama mama anayeonyesha nguo ya sikukuu aliyomvisha mtoto. Akanipiga picha, akawatumia jamaa wote. Halafu akajifuta macho kwa leso, akidhani simwoni. Nilinyoosha miguu yangu kwenye zulia lake, nikajiona mwanamume.

Wiki hiyo nilikuwa na siku ya kliniki. Nilipanda mzani nikitabasamu. Mtaalamu wa lishe, binti mpole wa umri wa dada yangu, hakutabasamu.

"Vua viatu na soksi," akasema.

Soksi ziliacha mifereji miguuni. Akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akakitoa. Shimo lilibaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Hii si nyama, baba," akasema polepole. "Haya ni maji."

Presha yangu ilikuwa juu mno, na vipimo vya damu vilionyesha figo imeanza kulemewa. Sukari nayo ilikuwa imepanda. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo huweza kuipandisha, na soda zangu zilizidisha. Nikalazwa siku hiyo hiyo. Wakanipa dawa ya kutoa maji, na kilo zote nilizowaonyesha majirani wa Thika nikazimwaga msalani, moja baada ya nyingine, mpaka mifupa ya uso ikachomoza tena.

"Usimwambie dada," nikamsihi mke wangu. Yeye akamwambia.

Dada alikuja na koti lake la kiwandani, nyuzi zimemganda mikononi. Nikavuta blanketi mpaka machoni. Akalivuta chini.

"Unanificha nini?"

"Naona haya."

"Haya ya nini?"

"Ulinipa kitu kizima. Nimekaribia kukiharibu kwa kutaka kupendeza."

Alikaa ukingoni mwa kitanda akavuta pumzi. Niliona amekasirika, na alikuwa na haki. "Kwani nilikupa ndio unone?" akasema. "Ng'ombe ndio hunenepeshwa. Mimi nilitaka uwe ukinipigia simu. Na simu umeacha kushika."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala.

Kabla sijatoka, yule mtaalamu alikaa nami na mke wangu pamoja, akaanza upya bila kunikaripia, jambo lililonichoma zaidi. Mayai, lakini mpaka kiini kikauke. Maziwa ya kuchemshwa, si maziwa ya mala yaliyoganda, ya kununua kwa jirani. Njugu zilizosagwa ndani ya uji. Githeri laini ya mahindi na maharagwe, kijiko cha mafuta juu yake. Parachichi, kwa kadiri damu itakavyoruhusu. Nyama iive kabisa, chakula kilicholala nisiguse, na unga wa miti shamba wa kuongeza mwili nisionje hata niletewe na nani. "Na utembee," akasema, "mwili ujae misuli. Utachukua muda."

Ulichukua muda. Kwenye hoteli ya nyama nilikula mayai na githeri kutoka kwenye chupa pana ya kutunzia joto, nimejibanza nyuma ya magunia ya makaa. Wenzangu walinigundua. "Mzee, umeanza nasari na watoto wadogo?" mmoja akauliza. Nilicheka nao, masikio yakiwaka.

Baadaye hoteli yetu iliitwa kuchoma nyama kwenye sherehe mtaani Membley, nami nikaenda kukata kachumbari. Mwenye nyumba akaniletea sahani ya mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu, na kachumbari iliyokaa juani. Nikakataa. Akanisukumia tena.

"Mpishi hali alichopika? Umetuwekea nini humu?"

Wageni wakageuka. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Nimepandikizwa figo," nikasema. "Chakula kilichokaa nje kinaweza kuniua."

Mwenye nyumba akakimbia kuniletea kiti, mto na maji ya chupa, na watu wakawa wanapita mbele yangu taratibu kama kwenye matanga. Nilitamani angenitukana. Lakini nilikuwa nimelisema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

Kilo zilirudi moja moja, ngumu, zisizobonyea, na vipimo vikatulia. Sijawa kama zamani. Bado nakata kachumbari, na nikimwona mteja wa zamani bado huinama kana kwamba nimeangusha kisu.

Juzi nilikwenda Thika kwa chakula cha mchana. Dada alipakua dengu na wali kwa wote. Mumewe alionja, akanyoosha mkono kutafuta chumvi.

"Leo hakuna," dada akamwambia. "Sote tunakula kama kaka."

Mumewe akaurudisha mkono, akala. Dada akala. Nilitaka kuwaambia watie tu chumvi, wasijitese kwa ajili yangu, lakini niliinamia sahani yangu nikala yote, na dada aliponiuliza kama naongeza, nikamsogezea sahani bila kumtazama usoni.